MLIMA UENDAO BAHARINI
Safari ya udongo wa Ukambani mpaka Malindi

Mvua za vuli zikianza kunyesha Ukambani, wavuvi wa Malindi hawangoji kuletewa habari. Huitazama bahari. Maji yaliyokuwa ya samawati juma lililopita hugeuka rangi kwanza upande wa kaskazini ya mji, pale Mto Sabaki unapomwaga maji yake. Kisha pepo za kaskazi huusukuma wekundu huo kusini mpaka ghuba yote ikafanana na chai ya maziwa. Mtu wa Machakos akiyachota maji hayo kwa chupa na kuyaacha yatulie, ataona chini ya chupa udongo ambao rangi yake aijua tangu utotoni. Ni udongo wa kwao.

Mto huo ni mmoja ingawa una majina matatu. Hukusanya maji yake kutoka vilima vya Ngong na miteremko ya Kikuyu, nao huitwa Athi. Ukiisha kuzunguka mguu wa Ol Donyo Sabuk na kupita chini ya vilima vya Ukambani, hukutana na Mto Tsavo, ambao baadhi ya maji yake hutoka Kilimanjaro, na tangu hapo huitwa Galana. Karibu na bahari ndipo uitwapo Sabaki. Safari yote ni karibu kilomita 400. Yasemwa ya kuwa milima haikutani. Huenda ni kweli kwa milima isimamayo. Lakini milima husafiri pia, chembe kwa chembe, na mahali pa kukutania ni ufuko wa Malindi.

MAWE HUOZA

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba mto hauwezi kuula mlima mzima ulio mgumu. Sharti mlima uozeshwe kwanza.

Mwamba wa vilima vya Iveti, Mbooni na Kilungu una mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, na wajuzi wa mawe huuita naisi. Mtu akivunja kipande kipya kwa nyundo ataona ndani yake namna tatu za chembe. Ziko zing'aazo kama vigae vya kioo, ambazo ni kwatsi. Ziko nyeupe au za rangi ya waridi, ziitwazo felspa. Tena ziko zile nyembamba zibandukazo kama karatasi, nazo ni ulanga. Sasa maji ya mvua si maji matupu. Yashukapo hewani hujichanganya na hewa ya kaboni, na yapitapo udongoni, penye mizizi na majani yanayooza, huongezewa hewa hiyo zaidi, hata yakawa makali kidogo kama maji ya ndimu yaliyozimuliwa sana. Ukali huo hausikiki ulimini, lakini miaka elfu kwa elfu huila felspa na kuigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Chuma kilichomo katika chembe nyeusi hushika kutu, kama kishikavyo jembe lililosahauliwa shambani, na kutu hiyo ndiyo rangi nyekundu ya udongo wa Machakos. Kwatsi peke yake haioziki. Chembe zilizokuwa zimeishikilia zikiisha kulainika, hubaki imelegea, nayo ndiyo mchanga.

Jua na mizizi husaidia kazi hiyo. Mwamba ulio wazi hupata joto mchana na baridi usiku, na maji yakiingia katika nyufa zake, ngozi yake ya juu hubanduka kama maganda ya kitunguu. Ndiyo sababu majabali makubwa ya Ukambani yana migongo ya mviringo, na chini yake pamelundikana vipande. Nao mzizi wa mkuyu ukipenya ufa usioenea hata ukucha, baada ya miaka mingi jiwe zima hupasuka.

Kazi hii ni ya polepole mno. Udongo wa kina cha sentimita moja huchukua miaka mia kadhaa kutengenezwa, na kwenye mwamba mgumu wa nchi kavu waweza kuchukua zaidi. Mkulima mwenye shamba lenye udongo wa kina cha mkono mmoja analima kitu kilichoanza kutengenezwa kabla ya mababu zake wote wanaokumbukwa kwa majina.

TONE LA MVUA NA NGUVU YAKE

Watu wengi hudhani udongo huchukuliwa na maji yatiririkayo tu. Mwanzo wa uharibifu ni tone lenyewe. Tone kubwa la mvua ya radi hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde, nao ni mwendo wa baiskeli iendayo mbio sana mteremkoni. Likianguka juu ya jani au nyasi, nguvu yake huishia hapo. Likianguka juu ya udongo mtupu, huupasua na kurusha chembe huku na huku, na juu ya mteremko chembe nyingi huanguka upande wa chini. Mwenye kutaka ushahidi na autazame ukuta wa nyumba iliyopakwa chokaa baada ya mvua kubwa: sehemu ya chini huwa imetapakaa wekundu, ingawa hakuna mto uliopita hapo.

Kisha chembe nzuri zilizorushwa huziba vitundu vya udongo, maji yakashindwa kuingia, yakaanza kukimbia. Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo kila mwenye shamba la mteremko yampasa kuijua. Maji yakiongeza mwendo mara mbili, hayabebi mara mbili tu. Kwa kanuni ya wajuzi wa mito, uzito wa jiwe moja ambalo maji yaweza kulisukuma huongezeka mara 64. Kijito kilichokuwa kikisukuma kokoto asubuhi chaweza kusukuma jiwe kubwa la mafiga jioni, na ufa uliokuwa wa kurukwa na mtoto ukawa korongo la kumezea ng'ombe.

Maji yakipunguza mwendo, mambo hugeuka. Mizigo mizito hutuliwa kwanza: mawe chini ya mlima, kokoto mbele kidogo, mchanga katika mito ya nchi tambarare. Tope laini na ufinyanzi huendelea mpaka maji yatulie kabisa, nako ni katika mabwawa, maziwa au bahari. Hivyo mto huchekecha udongo kama mwanamke apepetavyo nafaka katika ungo. Kwa bahati mbaya kilicho laini, kiendacho mbali kuliko vyote, ndicho chenye rutuba.

BONDE LILILOGEUKA MLIMA

Msafiri ashukaye kutoka Nairobi kwenda Mombasa, akitazama upande wa kushoto afikapo sehemu za Mtito Andei siku ya anga safi, ataona mbali ukingo mrefu ulionyoka kama meza isiyo na mwisho. Hiyo ni Yatta. Urefu wake ni karibu kilomita 300, na Mto Athi hufuata mguu wake safari ndefu.

Asiyejua atadhani kwamba ardhi ya Yatta iliinuliwa juu. Sivyo. Yapata miaka milioni 13 iliyopita, moto wa chini ya ardhi ulipasua nchi upande wa Bonde la Ufa, na mawe yaliyoyeyuka yakatiririka kuelekea kusini mashariki. Kama maji, yalifuata njia iliyo chini kuliko zote, yaani bonde la mto wa wakati ule. Yalipopoa, yalilijaza bonde kwa jiwe gumu, litoalo sauti kama kengele ligongwapo. Kando zake palikuwa na naisi, iozayo kwa urahisi zaidi. Mvua ikanyesha juu ya yote mawili bila upendeleo. Nchi iliyokuwa juu, kulia na kushoto, ikaoza na kuchukuliwa; jiwe lililokuwa bondeni likabaki. Leo aliyesimama juu ya Yatta amesimama mahali palipokuwa sakafu ya bonde, na nchi yote aionayo chini yake ilikuwa juu ya kichwa chake.

Hata hivyo Yatta ni habari ya jana tu. Naisi yenyewe ina zaidi ya miaka milioni 500, na mawe ya namna hiyo hayafanyiki juu ya ardhi. Hufanyika kilomita nyingi chini, kwa joto na uzito wa milima mikubwa. Kwa kuwa leo yameonekana yakiota jua, ni dhahiri kwamba milima iliyokuwa juu yake imekwisha kuondolewa yote. Imekwenda wapi? Sehemu yake moja hukanyagwa kila siku. Yale mawe ya mchanga yachimbwayo Mazeras, nyuma ya Mombasa, ambayo hupambia nyua na ngazi za nyumba nyingi mijini, yalikuwa mchanga wa mito ya zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ulishushwa kutoka nchi ya juu, ukatandazwa tabaka juu ya tabaka, ukashindiliwa na uzito wa yaliyokuja juu yake mpaka ukawa jiwe tena.

MAMBO YA MWAKA 1938

Mpaka hapa hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo kazi ya dunia. Shida huja pale udongo unapoondoka upesi kuliko unavyotengenezwa, na Machakos iliijua shida hiyo mapema.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa ardhi katika nchi ya Wakamba wa Machakos. Alichokiona kilikuwa cha kutisha: vilima vilivyo uchi, makorongo, na malisho yaliyobaki udongo mwekundu mgumu. Serikali ikaona dawa ni kupunguza ng'ombe, na mwaka 1938 ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini uuzaji wa nguvu ulikomeshwa.

Macho ya maafisa hayakuwadanganya kuhusu udongo. Walichokisema nusu ni sababu. Ng'ombe walikuwa wengi mahali padogo kwa kuwa mahali penyewe palipunguzwa: vilima vya Mua vilikuwa vimepewa walowezi, na malisho ya Yatta yalikuwa yamefungwa kuwa ardhi ya serikali. Mteremko hauulizi ni nani aliyemsukuma mkulima juu yake, lakini mkulima huuliza, naye hakusahau. Kwa miaka mingi baadaye neno "matuta" lilisikika masikioni mwa watu kama neno la kazi ya kulazimishwa.

Ajabu ni yaliyofuata. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Machakos walianza kuchimba matuta mapana kwa hiari yao, wakifanya kazi pamoja katika vikundi vya mwethya. Waliona faida kwa macho: shamba lenye matuta lilishika maji, na penye maji palikuwa na mahindi, na baadaye kahawa na matunda ya kuuza. Namna waliyoipenda ni ile ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, ukifuata mstari ulio sawa uliopatikana kwa kamba na pima maji, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Juu ya tuta hupandwa nyasi. Mvua ikija, udongo ushukao hukwama nyuma ya tuta badala ya kwenda mtoni, na miaka michache ikipita, mteremko hujigeuza wenyewe kuwa ngazi zenye kukanyagika. Yaani mkulima hutumia mmomonyoko uleule kusawazisha shamba lake. Maneno hayo mawili, fanya juu, leo yameandikwa katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi bila kutafsiriwa, na si maneno mengi ya Kiswahili yaliyopata heshima hiyo.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hizi. Walionyesha kwamba watu wa Machakos, waliokuwa karibu 240,000 katika miaka ya 1930, walikuwa wamefika karibu 1,400,000 mwaka 1990; na vilima vilivyopigwa picha vikiwa uchi zamani vilikuwa na matuta na miti kuliko wakati watu walipokuwa wachache.

MCHANGA ULIOKWAMA NJIANI

Udongo ulioondoka shambani mwaka fulani haufiki Malindi mwaka uleule. Sehemu kubwa hulala njiani, chini ya mteremko, kando ya kijito au ndani ya mto mkavu, ikingoja gharika nyingine. Kwa hiyo mto waweza kuendelea kuwa mwekundu miaka mingi baada ya mashamba ya juu kutengenezwa. Deni la babu hulipwa na mjukuu.

Lakini mzigo ulalao njiani si hasara yote. Mito mingi ya Ukambani hukauka juu miezi mingi, na ndani ya mchanga wake maji yamejificha, salama na jua. Mwanamke afukuaye kisima mtoni kwa kibuyu anachota mvua ya miezi iliyopita. Wengine wameisaidia kazi hiyo kwa kujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukata mto. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, tope laini likapita juu na kwenda zake, na mchanga mnene uliobaki waweza kushika maji ya robo ya ujazo wake au zaidi.

Ndiyo maana malori ya mchanga yalileta ugomvi. Nairobi hujengwa kwa saruji na mchanga, na mchanga mzuri uko katika mito ya Machakos na Makueni. Unapochotwa kupita kiasi, sakafu ya mto hushuka, kingo huporomoka na kuchukua mashamba, na visima hukauka. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuusimamia uchimbaji wake. Kuna waliocheka kusikia mchanga una sheria. Hawakuwa watu wa kuteka maji mtoni.

USHAHIDI WA TUMBAWE

Kule Malindi kuna mwandishi aliyeweka kumbukumbu za haya yote kwa miaka 300. Hana mikono wala kalamu. Ni tumbawe.

Tumbawe hujenga nyumba yake ya chokaa pole pole, na kila mwaka huacha mstari, kama mti unavyoacha duara katika shina lake. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi kwa kekee, wakatoa kipande kirefu kama mwanzi, wakaisoma miaka yake mmoja mmoja. Walichokitafuta ni bariamu, madini yashikamanayo na udongo wa mto na kuachiliwa yafikapo katika maji ya chumvi. Udongo ukiwa mwingi mtoni, bariamu huwa nyingi katika mstari wa mwaka huo.

Habari zao zilizotolewa mwaka 2007 zilikuwa wazi. Katika karne ya 18 na ya 19 udongo ulikuwa mchache na wa kiasi kilekile. Baada ya mwanzo wa karne ya 20 ukapanda, na haukurudi chini tena ulipokuwa. Ni wakati uleule reli ilipokwisha kupita, walowezi walipogawiwa ardhi, na Wakamba walipobanwa katika vilima vyao. Taarifa ya mwaka 1937 ilipoandikwa, tumbawe lilikuwa limekwisha kuandika yake miaka mingi kabla.

Udongo huo si rafiki wa matumbawe. Huishi kwa mwanga wa jua, na maji yakichafuka huwa kama mmea uliofunikwa gunia. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, imo katika njia ya tope wakati wa kaskazi, na wavuvi na wapeleka wageni kwa mashua zenye vioo wajua ni siku zipi hakuna cha kuonyesha. Ufuko nao umepanuka kuingia baharini. Mchanga wake si mweupe kama ule wa Diani, uliosagika kutoka matumbawe. Una rangi ya majani makavu, umechanganyika na chembe nyeusi nzito na vipande vya ulanga vinavyometameta jua likizama, vile vile vilivyomo katika majabali ya Mbooni.

Karibu na Aprili upepo hugeuka. Kusi huanza kuvuma, bahari mbele ya mji husafika, na maji mekundu ya Sabaki hupelekwa kaskazini, Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Huko mawimbi huumwaga mchanga pwani, jua huukausha, na upepo huuchukua kidogo kidogo na kuulundika nyuma ya ufuko. Malundo hayo yamekuwa vilima virefu kuliko nyumba, na wachungaji hupitisha mbuzi juu yake.